Waliiokoa Reli, Wakawasahau Majirani

Mwaka 1984, mkazi mmoja wa mtaa wa Chelsea jijini New York aliuziwa reli kwa dola 10. Aliitwa Peter Obletz, mpenzi wa treni wa kupindukia. Reli yenyewe ilikuwa ya juu, imebebwa na nguzo za chuma kiasi cha mita tisa kutoka barabarani, ikikatiza kati ya maghala na viwanda vya upande wa magharibi wa Manhattan. Kampuni ya Conrail iliyokuwa ikiimiliki haikuwa na kazi nayo tena. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1980 na, kwa masimulizi ya watu wa huko, ilikuwa imevuta mabehewa matatu ya bata mzinga waliogandishwa.

Obletz alitaka treni zirudi. Wamiliki wa viwanja vilivyo chini ya reli walitaka ibomolewe ili wajenge. Walipinga mauzo yale hadi yakabatilishwa, na Obletz alifariki mwaka 1996 akiiacha reli imesimama pale pale, bila treni na bila mtetezi.

Leo juu ya vyuma hivyo kuna bustani ya umma yenye urefu wa kilomita 2.3, High Line, ambayo kabla ya janga la Uviko-19 ilikuwa ikipokea watu wapatao milioni nane kwa mwaka. Kuingia ni bure. Miji mingi imetuma wajumbe kwenda kuitazama, na habari ya kuokolewa kwake husimuliwa kama ngano ya watu wawili na ndoto yao. Ukiichambua, utakuta ni habari ya sheria na hesabu za fedha. Utakuta pia kwamba hoja iliyoinusuru reli ile na tingatinga ndiyo iliyokuja kuwaelemea majirani zake.

Barabara ya Kifo

Reli ya juu ilijengwa kwa sababu reli ya chini ilikuwa ikiua. Tangu katikati ya karne ya 19, treni za mizigo zilipita katikati ya barabara za magharibi mwa Manhattan, zikigombania njia na mikokoteni, farasi na waenda kwa miguu. Waliogongwa walikuwa wengi hata Barabara ya Kumi ikabandikwa jina la Barabara ya Kifo. Kampuni ya reli iliajiri wapanda farasi watangulie mbele ya treni, wakipunga bendera nyekundu mchana na taa usiku, kuwafukuza watu njiani.

Mwaka 1929 jiji, jimbo na kampuni ya reli walikubaliana kuinyanyua reli. Mradi mzima uligharimu zaidi ya dola milioni 150 za wakati ule na kuondoa makutano 105 ya reli na barabara. Sehemu ya juu ilifunguliwa mwaka 1934. Iliundwa kwa namna ambayo treni ziliingia ndani ya majengo yenyewe, kwenye ghorofa za juu, zikashusha nyama, maziwa, mboga na bidhaa za viwandani bila kugusa barabara. Moja ya majengo hayo lilikuwa kiwanda cha biskuti cha Nabisco, ambacho siku hizi ni soko la Chelsea Market.

Baada ya Vita Kuu ya Pili malori yakaanza kunyang'anya reli mizigo yake. Kipande cha kusini kilibomolewa miaka ya 1960, kingine mwaka 1991. Kilichobaki kilikuwa kutu na kivuli. Walioishi au kufanya kazi chini yake waliona vinyesi vya njiwa na maji machafu yanayodondoka, na wengi wao wasingesikitika kuona kinaondolewa.

Wawili ukumbini

Agosti 1999 bodi ya wakazi wa mtaa iliitisha kikao kujadili hatima ya reli, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya CSX. Walihudhuria, pamoja na wengine, Joshua David, mwandishi wa magazeti, na Robert Hammond, aliyekuwa akizisaidia kampuni changa kibiashara. Hawakuwa wakifahamiana. Walijikuta wameketi jirani, na kadiri wasemaji walivyopanda jukwaani wakaona kwamba ukumbi mzima ulitaka kubomoa isipokuwa wao wawili. Kikao kilipokwisha walibadilishana anwani. Huo ndio mwanzo wa chama cha Friends of the High Line.

Hakuna kati yao aliyekuwa msanifu majengo, mwanasheria wala mtaalamu wa mipangomiji. Walichokuwa nacho ni muda, watu wa kuwapigia simu, na ujasiri wa kuuliza maswali ya mtu asiyejua. Kwa kampeni ya namna hii hiyo ni faida, kwa sababu mtaalamu angewaambia mapema kwamba haiwezekani.

CSX iliwaruhusu kupanda juu. Huko walikuta miaka ishirini bila treni imefanya kazi yake. Mbegu zilizoletwa na upepo na ndege, na pengine na mabehewa yenyewe, zilikuwa zimeota kati ya kokoto na mataruma. Kulikuwa na nyasi ndefu, maua ya porini na vichaka vilivyojishikiza kwenye udongo mwembamba. Mtafiti wa mimea aliyepita baadaye aliorodhesha aina 161.

Tatizo likawa moja: hakuna mpiga kura wala mfadhili aliyeweza kuyaona hayo kutoka chini. Wakamwomba mpigapicha Joel Sternfeld apande, naye akapiga picha kwa majira yote kati ya mwaka 2000 na 2001. Katika picha zake vyuma viwili vya reli vinazama ndani ya nyasi, huku kuta za matofali na madirisha ya ofisi vimesimama kando. Hamna mtu ndani yake, wala mchoro wa mbunifu, wala ahadi. Watu waliokuwa wakipita chini ya reli miaka yote ndipo walipojua kilichokuwa juu ya vichwa vyao.

Kesi na hesabu

Picha haisimamishi tingatinga, na wenye viwanja hawakuwa wamelala. Desemba 2001, katika siku za mwisho za utawala wa Meya Rudolph Giuliani, jiji lilitia saini mkataba wa kuelekea ubomoaji. Chama kikaenda mahakamani na hoja nyembamba ya utaratibu: uamuzi mkubwa kama huo juu ya matumizi ya ardhi ulipaswa kwanza kupitia ukaguzi wa umma uliowekwa na sheria za jiji. Machi 2002 jaji alikubaliana nao. Ushindi huo haukuihifadhi reli, lakini uliwapa muda, na muda ndio ulikuwa bidhaa adimu kuliko zote.

Wakati huo meya alikuwa Michael Bloomberg, aliyekwisha kuonyesha kuwa yuko upande wao. Serikali yake ikageukia sheria ya Marekani ambayo tangu mwaka 1983 inaruhusu njia ya reli isiyotumika igeuzwe njia ya kutembea bila kuhesabiwa kuwa imefutwa. Kisheria reli inabaki akiba, na siku taifa likiihitaji treni zinaweza kurudi. Sheria hiyo ilitungwa watu wakifikiria reli za mashambani, lakini hakuna kifungu kilichosema kwamba reli lazima iwe chini.

Kilichobaki ni fedha. Mwaka 2002 chama kilileta upembuzi uliofanywa na washauri wa uchumi. Kuigeuza reli kuwa bustani kungegharimu dola milioni 65. Kodi ya ziada ambayo jiji lingekusanya kutokana na thamani ya ardhi kupanda ingefika dola milioni 140 kwa miaka ishirini. Hizo ndizo tarakimu zilizofungua milango ya ukumbi wa jiji. Tangu hapo aliyetaka kubomoa ndiye aliyepaswa kueleza kwa nini anataka kutupa fedha.

Wenye viwanja nao walipewa chao. Mpango mpya wa ardhi wa mwaka 2005 uliwaruhusu kuuza haki ya kujenga ghorofa wasiyoweza kuitumia chini ya reli, wakiwauzia wamiliki wa viwanja vya barabara za jirani. Aliyekuwa na kiwanja kilichofunikwa na vyuma akapata kitu cha kuuza bila kung'oa nguzo hata moja. Upinzani uliodumu miaka ishirini ukalegea.

Kampeni haikuacha kuchangamsha watu. Mwaka 2003 iliitisha shindano la mawazo, na mapendekezo 720 yalifika kutoka nchi 36. Mmoja alipendekeza bwawa la kuogelea lenye urefu wa reli nzima. Hakuna aliyekusudia kulijenga, ila mawazo hayo yalipotundikwa katika stesheni ya Grand Central, maelfu ya wasafiri walijikuta wakibishana kuhusu reli itumikeje, si kuhusu ibomolewe au la. Novemba 2005 CSX ililikabidhi jiji reli hiyo bure. Kipande cha kwanza cha bustani kilifunguliwa Juni 2009, cha pili 2011, na cha tatu 2014.

Juu ya vyuma

Kazi ya kubuni ilipewa James Corner Field Operations, Diller Scofidio + Renfro, na Piet Oudolf, mtaalamu wa bustani kutoka Uholanzi. Vipande vya reli viling'olewa kwa uangalifu na kutiwa alama, kisha vingi vikarudishwa mahali vilipotoka. Sakafu ni mbao ndefu za zege, zilizochongwa ncha upande mmoja. Zinapofika kwenye mimea zinaachana, na nyasi huota katikati yake, hivyo huoni ukingo unaotenga njia na bustani. Mianya kati ya mbao hizo haikuzibwa, na maji ya mvua huteremka moja kwa moja kwenye mizizi. Mahali pengine zege linajikunja kutoka sakafuni na kuwa benchi.

Reli inapovuka Barabara ya Kumi, sakafu imekatwa na kutengenezwa ngazi za kukalia zinazoshuka hadi kwenye kioo kikubwa. Watu hukaa hapo kama wako sinema, wakitazama magari yakipita chini yao kwenye njia ile ile iliyoitwa ya Kifo. Oudolf naye alikataa bustani ya maua ya msimu mmoja. Mimea yake huachwa ikauke ikiwa imesimama wakati wote wa baridi, na mwezi Machi watunza bustani na watu wa kujitolea huikata kwa mikasi ya mkono ili machipukizi yapate nafasi. Karibu gharama zote za kuendesha bustani hutoka kwa michango inayokusanywa na chama, si katika bajeti ya jiji.

Mgeni njoo, mwenyeji asubiri

Utabiri wa washauri wa uchumi ulitimia na kupitiliza. Ardhi ya Chelsea ilipanda bei kwa kasi. Gereji na maegesho yaliyokuwa chini na kando ya reli yalitoweka kimoja baada ya kingine, na biashara za nyama zilizolipa eneo la kusini jina lake zikapungua. Badala yake yakaota majumba ya kifahari, baadhi yakiwa na madirisha yanayotazama moja kwa moja njia ya bustani. Mwaka 2019 mradi mkubwa wa Hudson Yards ulifunguliwa upande wa kaskazini, reli inapoishia.

Hatua chache kutoka kwenye bustani kuna nyumba za umma za Fulton na Chelsea-Elliott, ambako familia za kipato cha chini hulipa pango kulingana na mapato yao. Hawakufukuzwa na bei ya ardhi, maana mwenye nyumba wao ni serikali. Lakini dukani bei zilibadilika, na bustani iliyokuwa ukingoni mwa mtaa wao ilijaa watu wa mbali.

Mwaka 2017 Hammond mwenyewe alilizungumza jambo hili hadharani. Alieleza kwamba walipowauliza wakazi wa nyumba hizo kwa nini hawapandi, walisikia sababu tatu: waliona bustani haikujengwa kwa ajili yao, hawakukuta huko watu wanaofanana nao, na shughuli zilizoandaliwa hazikuwavutia. Alikiri kwamba wakati wa kampeni waliwauliza wananchi bustani iwe na sura gani, kumbe swali la kwanza lilipaswa kuwa wanahitaji nini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. High Line ilileta wageni kwa mamilioni, ila uponyaji ulikwenda kwa mwenyeji mwenye hati ya kiwanja. Asiye na hati alibaki akisubiri. Tena hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Kampeni iliuza bustani kwa jiji kwa kuahidi kwamba ardhi itapanda, na ardhi inapopanda huwa inapanda dhidi ya mtu fulani. Ahadi hiyo ilipowekwa kwenye makaratasi, haki ya kujenga ghorofa iliandikwa kwa undani. Wenye gereji hawakuwa na kitu mezani chenye uzito kama huo.

Chama kilirekebisha kilichowezekana. Kilianzisha ajira za kulipwa kwa vijana wa mitaa hiyo, kikapanga shughuli pamoja na wakazi, na kikaunda mtandao wa miradi ya aina yake ili wanaoanza sasa wapewe onyo mapema.

Waliochukua njia nyingine

Si kila chuma kilichookolewa kilipitia mkondo huu. Huko Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha kuyeyusha chuma cha Thyssen kilifungwa mwaka 1985. Badala ya kukibomoa, kiligeuzwa bustani iliyoanza kufunguliwa mwaka 1994 kwa ubunifu wa Peter Latz, kama sehemu ya mpango mkubwa wa serikali ya jimbo wa kufufua bonde zima la viwanda. Matanuri yamebaki na watu huyapanda. Tangi la gesi limejazwa maji, na wapiga mbizi hufanyia mazoezi humo. Kuta za mabohari ya madini hutumiwa na wakwea miamba. Huko shida ilikuwa ajira zilizopotea na udongo wenye sumu, na aliyebeba mzigo ni serikali. Hakuna aliyelazimika kuahidi majumba ya kifahari ili tanuri lisibomolewe.

Washington wamejaribu kutangulia mbele ya bei. Wanaoandaa bustani ya 11th Street Bridge Park, inayopangwa juu ya nguzo za daraja la zamani la Mto Anacostia, walitoa mwaka 2015 mpango wa haki za wakazi kabla ya ujenzi wowote. Waliwasaidia wapangaji kununua nyumba wakati bado zinanunulika, wakaandaa watu wa eneo hilo kwa kazi za ujenzi, na wakaunga mkono kuanzishwa kwa amana ya ardhi inayomilikiwa na jamii, ambayo huzuia bei ya nyumba zake isifuate soko. Hayo yote yalikuja kabla ya benchi la kwanza.

Na huku kwetu

Afrika Mashariki haina upungufu wa vyuma vilivyonyamaza. Mashamba ya mkonge ya Tanga yana korona, mitambo ya kusaga mkonge, zisizosaga tena. Treni za reli mpya ya kisasa (SGR) zilipoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, stesheni kadhaa za reli ya zamani zilibaki bila abiria. Na mifano ya kugeuza ipo. GoDown Arts Centre ilianza mwaka 2003 katika ghala la Eneo la Viwanda la Nairobi, na Nafasi Art Space inawapa wasanii wa Dar es Salaam karakana na ukumbi huko Mikocheni tangu mwaka 2008.

Sheria zetu, hata hivyo, hazikutungwa zikifikiria viwanda. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Maana yake urithi wote wa reli na mkonge upo nje ya ulinzi huo, mpaka waziri atangaze jengo moja moja kwenye Gazeti la Serikali. Kinachohitajika hapo ni kikundi cha wananchi chenye subira ya kuandika barua, kukusanya picha na historia, na kufuatilia faili kutoka meza hadi meza, kazi ile ile iliyofanywa na David na Hammond. Ujanja wa kuuza haki ya ghorofa hauwezi kuhamishwa hivi hivi. Tanzania ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye kiwanja ana hati ya kukitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Jambo hilo linaweza kuwa nguvu. Serikali inapohuisha hati au kubadili matumizi ya kiwanja cha zamani cha kiwanda, ina nafasi ya kuweka masharti ambayo jiji la New York lililazimika kuyanunua kwa wenye ardhi.

Tofauti kubwa zaidi ni hii. Juu ya reli ya New York hapakuwa na mtu. Huku kwetu kinachoitwa gofu ni nadra kukikuta kitupu. Ndani ya ghala lililofungwa kuna fundi wa magari aliyepanga kwa maneno na mlinzi, nje ya ukuta kuna mama lishe, na kwenye uwanja wa nyuma vijana wana timu. Hao ndio waliolifanya eneo kuwa la umma kabla mbunifu yeyote hajachora mstari, na ndio wa kwanza kuambiwa wahame siku mradi unapozinduliwa.

Kwa hiyo yeyote anayetaka kuanzisha kampeni ya kuokoa ghala, stesheni au korona aanze na daftari, aandike nani yumo, anafanya nini, anamlipa nani, na angependa nini kibaki. Orodha hiyo iingie kwenye mkataba pamoja na hati ya kiwanja na bajeti ya ujenzi, na iingie kabla dalali hajasikia habari.